Kufundisha watoto wa msingi mwanga na kivuli: anza nje uwanjani, ubao utakuja baadae

Kitendawili! Tega. Kila niendapo ananifuata.

Ukitega hicho darasa la tatu mikono yote inaenda juu, wengine hawasubiri hata kuitwa wanapayuka tu, kivuli mwalimu, kivuli! Sasa hapo ndo nataka tuanzie. Yani mtoto anaingia kwenye hii mada kivuli anakijua tayari, kakichezea tangu anatambaa, kakikimbiza kwenye uwanja wa nyumbani kwao, alafu sisi tunachofanya tunageukia ubao tunaandika "Kivuli ni eneo la giza linalotokea pale mwanga unapozuiwa na kitu kisichopitisha mwanga", watoto wananakili, kengele imelia, kipindi kimeisha. Mtihani ukija anaijibu vizuri kabisa. Mtoe nje umuulize mbona asubuhi kivuli chako kilikuwa kirefu na sasa hivi kimekuwa kifupi, anakutazama tu. Nimefundisha hivo miaka yangu ya mwanzo na nilikuwa naamini kabisa kwamba nafundisha, mpaka siku moja binti wa darasa la nne akaniuliza, mwalimu, usiku kivuli changu kinalala wapi? Sikuwa na jibu ambalo mtoto wa miaka kumi angelishika. Toka siku ile nikapindua mpangilio wote. Haya ninayoandika ndo ninavyofanya sasa, nipo Dodoma, darasa lina watoto tisini na kitu, maabara hamna, zana zote ni za kuokota au za shilingi mia mbili mia tatu.

Kitu cha kwanza kabla hujafundisha chochote, wape kazi ya kuchora. Mtoto ajichore yeye mwenyewe amesimama juani, achore na jua, achore na kivuli chake. Dakika kumi zinatosha, kama karatasi hamna wachore chini kwa kijiti. Utaona mambo matatu karibu kila darasa. Kuna wanaochora kivuli chenye macho, mdomo na vifungo vya shati, maana kwao kivuli na picha ya kwenye kioo ni kitu kimoja. Kuna wanaochora kivuli upande uleule lilipo jua. Na kuna wanaokichora kimesimama pembeni peke yake kama rafiki, hakijagusana na miguu. Usisahihishe. Najua mkono unawasha kushika kalamu nyekundu lakini usisahihishe, kusanya zile karatasi uzifungie kabatini, tutazihitaji mwisho.

Alafu toka nao nje asubuhi, saa mbili mpaka saa tatu ndo muda mtamu kwasababu vivuli ni virefu. Kabla ya kuvuka mlango kuna sheria moja na hii irudie mpaka waiseme wenyewe kwa pamoja: hatuangalii jua kwa macho. Si kwa sekunde moja, si kwa kuchungulia kati ya vidole, si kwa miwani ya jua. Jua linaunguza sehemu ya ndani ya jicho na kule ndani hakuna maumivu, mtoto hatasikia chochote mpaka madhara yameshatokea. Mimi nawaambia jua tutalijua kwa kuangalia chini, vivuli vitatuambia lilipo.

Wacheze kwanza. Mchezo ni kukanyagana vivuli, mmoja anawinda, akikanyaga kichwa cha kivuli cha mwenzie basi yule ndo anakuwa mwindaji. Waache dakika tano wafukuzane, wale wajanja wataanza kujikunyata ili kivuli kiwe kidogo, na wajanja zaidi watakimbilia chini ya mwembe. Hapo simamisha mchezo. Uliza, kivuli cha huyu aliyeko chini ya mwembe kiko wapi? Hilo swali moja linaweza kula kipindi kizima na ukiona linakula liache lile. Mmoja atasema kimeingia mwilini, mwingine atasema mti umekimeza, mwingine atasema kipo ila hakionekani. Usiwaambie yupi kapatia. Waambie waliopo juani waruke juu, waone kivuli kinavyoachana na miguu na kurudi. Waambie wasimame jua likiwa linawapiga kisogoni, mkono mmoja wanyooshe kuelekea kichwa cha kivuli chao pale chini, mkono wa pili waunyooshe nyuma upande wa pili kabisa mpaka mikono yote miwili iwe kama fimbo moja iliyonyooka. Ule mkono wa nyuma unaelekea kwenye jua. Wageuke popote, wahame popote, kila mara ni hivohivo, jua huku kivuli kule na mtu katikati. Mtoto aliyechora kivuli upande wa jua atajirekebisha hapo bila kuambiwa na mtu.

Niseme kidogo kuhusu maneno maana Kiswahili chetu kinasaidia sana hapa na sehemu nyingine kinatega. Kivuli kwetu ni hiki kinachokufuata, na kivuli ni pale chini ya mti unapopumzika. Watoto wanadhani ni vitu viwili vimegongana jina, kumbe ni kitu kimoja, ukikaa kwenye kivuli cha mwembe umekaa ndani ya kivuli cha mwembe kweli, ndomana chako kinapotea, mwanga ambao ungezuia wewe umeshazuiwa na majani huko juu. Waandikie kivuli, uvuli, mwavuli, wayatazame tu hayo maneno matatu, wataona wenyewe mwavuli ni mashine ya kutengeneza kivuli. Neno mwanga nalo jiandae, maana mchawi wa usiku nae anaitwa mwanga na darasa zima litacheka, wengine wataogopa kweli. Liseme mapema wewe mwenyewe kwa utaratibu, kwamba leo tunaongelea mwanga huu wa jua na taa, mkipenda uiteni nuru. Na kama kuna mtoto kaambiwa nyumbani kwamba kukanyaga kivuli cha mtu ni kumroga usimkejeli, mwambie achukue kijiti akikanyagie kivuli cha jiwe kwanza, atakuja mwenyewe kwenye mchezo akiwa tayari.

Siku ya pili ndo naingia darasani na swali la mwanga unatembeaje. Kama darasa lako lina bati lenye tundu la msumari una bahati, usilizibe kwanza. Funga madirisha, weka giza kadri unavyoweza, gonga dasta mbili zenye vumbi la chaki pale mwanga unaposhukia. Utatokea mstari mweupe umenyooka kama rula kutoka darini mpaka sakafuni na watoto wote watasema aaaah kwa wakati mmoja. Mwanga ulikuwepo pale muda wote ila ulikuwa unapita, vumbi limeurudisha machoni ndo tukauona. Kama bati lako zima, kata vipande vitatu vya boksi vilivyo sawa, vipange pamoja uvitoboe na msumari kwa mkupuo ili matundu yawe sehemu moja, kisha visimamishe kwenye donge la udongo wa mfinyanzi vikifuatana. Pitisha uzi kwenye matundu yote matatu uuvute unyooke, hapo vimepangika, toa uzi. Washa tochi huku mwisho, mtoto achungulie kule mwisho mwingine, anaona mwanga. Sogeza kipande cha katikati kidogo tu kama upana wa kidole. Mwanga umekata. Hiyo ndo maana ya kusema mwanga husafiri katika mstari mnyoofu, na mtoto akishaiona hivi hutakaa umkaririshe.

Turudi kwenye lile tundu la bati maana pana hazina ambayo nilipita juu yake miaka yote. Angalia doa la mwanga pale sakafuni. Ni duara. Sasa matundu ya bati yana maumbo ya kila aina, mengine yamechanika, mengine ya pembe, mbona doa ni duara? Pima ukipata nafasi, bati likiwa mita tatu kutoka sakafuni na jua likiwa karibu na utosini doa litakuwa na upana kama sentimita tatu hivi. Lile doa ni picha ya jua lenyewe. Mwanga unaotoka kila sehemu ya jua unapita kwenye tundu kwa mstari wake mnyoofu, ule wa juu unafika chini, ule wa chini unafika juu, jumla yake inachorwa sura ya jua pale sakafuni. Tundu likiwa dogo umbo lake halina maana tena. Waambie watoboe karatasi za manila matundu madogo ya pembetatu, ya mraba, ya nyota, wasimame nje waache mwanga upite uanguke kwenye karatasi nyingine. Wakiweka karibu wataona umbo la tundu, wakirudi nyuma mita moja na nusu hivi yote yanageuka duara. Alafu wapeleke chini ya mwembe wakatazame yale madoa ya mwanga yanayochezacheza ardhini, yote ni majua madogo yametengenezwa na nafasi kati ya majani. Waliokuwepo siku jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, ile ambayo watu walienda Rujewa kule Mbarali kuiangalia jua likibaki pete, kama walitazama chini ya miti waliona madoa yamegeuka pete na miezi midogo. Na hapo ndo pa kufundishia usalama pia, kwasababu tukio kama hilo likija watu wanatoa filamu za eksirei na mabeseni ya maji. Vyote viwili havikingi jicho. Karatasi yenye tundu, unaipa jua mgongo, unatazama picha chini, hiyo ndo njia ya mtoto.

Kuna dhana nyingine inabidi uing'oe hapa katikati. Watoto wengi wanaamini jicho linatoa kitu kwenda kugusa unachokiona, na si ajabu, watu wazima wenye elimu kubwa waliamini hivo zamani kwa karne nyingi mpaka Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra kule Iraki mwaka 965 hivi, akaonyesha kwamba mwanga ndo unaingia jichoni ukitoka kwenye kitu. Chukua boksi la viatu, weka kizibo chenye rangi ndani, toboa tundu la kuchungulia upande mmoja na kata kidirisha kwenye mfuniko ambacho unaweza kukifungua na kukifunga. Kidirisha kimefungwa, mtoto anachungulia, haoni kitu hata akikodoa vipi. Fungua kidirisha, kizibo kinaonekana. Macho ni yaleyale, kilichobadilika ni mwanga. Likitembea boksi moja kwa watoto tisini litakula muda, kwaiyo tengeneza matano au sita, viboksi hata vya chaki vinafaa.

Sehemu ya vitu vinavyopitisha mwanga na visivyopitisha sitakaa sana maana kila mwalimu anaiweza, niongeze tu mawili matatu. Watabiri kwanza kabla ya kuweka kitu mbele ya tochi, waandike utabiri wao hata kwa alama ya vema na kosa, maana mtoto ambaye hajatabiri hashangai. Gazeti lililofungia maandazi ni zana nzuri kuliko zote, kipande kikavu hakipitishi vizuri lakini pale penye mafuta mwanga unapita na kufifia, karatasi ileile moja! Chandarua kitaleta ubishi, wengine watasema kinapitisha wengine kinazuia, mpe mtoto akisogeze karibu na ukuta ataona nyuzi zina vivuli vyake vyembamba na matundu yanapitisha. Na chupa ya maji ya plastiki usiikwepe. Tunawaambia kitu kinachopitisha mwanga hakina kivuli, mtoto anaiweka juani, inayo! Hafifu, ina mstari mkali wa mwanga katikati. Kama umeshaandika ubaoni kwamba haina kivuli basi mtoto anaona ubao unasema uongo. Waambie ukweli, hakuna kitu kinachopitisha mwanga wote, na chupa yenye maji inaupinda mwanga na kuukusanya sehemu moja, ndo ule mstari. Na msiiache juani juu ya makaratasi, ule mwanga uliokusanyika unaunguza.

Ukubwa wa kivuli fanya kwa flashi ya simu, usitumie tochi kubwa wala taa ya tyubu. Sababu ni kwamba flashi ni kidoa kidogo kwaiyo kivuli kinatoka na ukingo mkali, tyubu ni ndefu, kila kipande chake kinatuma mwanga wake kutoka sehemu tofauti na ukingo wa kivuli unakuwa na ukungu. Ukiweza waonyeshe vyote viwili watofautishe. Simu iwe mita moja kutoka ukutani imeegemezwa kitu isitikisike. Kata mwanasesere wa boksi wa sentimita 10. Akiwa katikati kabisa, nusu mita kutoka kwenye simu, kivuli kitakuwa na urefu wa sentimita 20. Akisogea mpaka sentimita 25 kutoka kwenye simu kinakuwa 40. Wapime wenyewe kwa rula na uwaache wagundue kwamba kusogelea mwanga ndo kunakuza, maana wengi wanadhani kusogelea ukuta ndo kunakuza. Siku umeme umekatika nyumbani hii ndo homuweki bora duniani, baba au mama awashe flashi, watoto watengeneze sungura na ndege kwa vidole ukutani.

Sasa tufike kwenye kazi ambayo kama huna muda wa kufanya zote basi fanya hii. Kijiti.

Chukua mpini wa fagio au mti ulionyooka, uwe mita 1 kamili juu ya ardhi, usimike kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga na kokoto, sehemu tambarare ambayo jua halizibwi kutwa nzima. Unyooshe wima kwa kamba yenye jiwe. Kila baada ya muda kikundi kimoja kinatoka kinaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli, kinapima urefu, kinaandika saa. Usitoe darasa zima kila mara utapoteza siku, gawa watoto nane nane, mmoja anaweka jiwe, wawili wanapima, mmoja anaandika, mmoja anasoma saa, waliobaki wanahakikisha hakuna aliyekanyaga mawe, na kazi zizunguke maana ukiacha hivohivo walewale watatu watafanya kila kitu. Waambie walimu wenzako mapema ili wawaruhusu watoto dakika tatu tu, na walinzi wa kudumu wa kijiti ni darasa la kwanza, ukiwapa hiyo kazi hakuna mbuzi atakayepita.

Hapa Dodoma mwanzoni mwa Machi namba zinakuja hivi kwa kijiti cha mita moja: saa mbili asubuhi kivuli karibu mita 3, saa nne kama sentimita 90, saa sita kamili sentimita 22 hivi, saa nane mchana 32, saa tisa 64. Andika ubaoni unyamaze. Kuna mtoto atasema, mwalimu, mbona saa nne ni 90 na saa nane ni 32? Kutoka saa nne mpaka saa sita ni masaa mawili, kutoka saa sita mpaka saa nane ni masaa mawili, kama saa sita ndo katikati ya mchana basi vivuli vilitakiwa kulingana. Na amesema kweli. Saa sita ya kwenye simu si katikati ya mchana wa Dodoma. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu, sisi tuko magharibi ya huo mstari, na dunia inachukua dakika 4 kuzunguka digrii moja, kwaiyo jua linatufikia kwa kuchelewa. Dodoma siku hizo za mwanzo wa Machi kivuli kinakuwa kifupi kabisa kama saa saba kasoro dakika 11. Nikaona tunatoka watoto saa sita kamili tunawaambia "sasa jua liko utosini" na kivuli kiko palepale sentimita 22 kinatubishia. Msiwatoe saa sita. Watoeni mara nyingi kati ya saa sita na saa saba na nusu, kila dakika kumi, kivuli chenyewe kiseme ni lini.

Watoto wa madrasa watakuambia kitu hapa na uwape nafasi mbele ya wenzao. Wanajua adhuhuri inaingia jua likishapinduka tu, na alasiri kwa madhehebu ya Shafi inaingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongezea kile kilichokuwepo adhuhuri. Yani kijiti chetu cha mita moja ni saa ya swala. Siku ile ya Machi ambayo jua linapita utosini kabisa na kivuli cha mchana ni sifuri, kijiti kinalingana na kivuli chake kwenye saa kumi kasoro dakika kumi hivi kwa Dodoma, waende wakahakikishe na muadhini wa msikiti wa jirani. Mwaka jana kijana mmoja mpole sana ambaye hajawahi kunyoosha mkono alisimama akaeleza hii yote bila kutetereka, na mimi nikakaa kwenye dawati lake nikasikiliza.

Na hapa ndo ninapowaomba walimu wasibebe picha za vitabu vya nchi za mbali. Kule Ulaya jua la mchana liko kusini mwaka mzima na kivuli cha mchana kinaangukia kaskazini siku zote. Kwetu hapana. Mwezi wa sita jua liko upande wa kaskazini, kijiti cha mita moja Dodoma kinatoa kivuli cha mchana cha sentimita 57 hivi kuelekea kusini. Mwezi wa kumi na mbili jua liko kusini, kivuli ni sentimita 31 kuelekea kaskazini. Kwaiyo pima mara moja kila mwezi, siku hiyohiyo ya mwezi, piga kigingi kwenye ncha ya kivuli kifupi kuliko vyote, ikifika mwisho wa mwaka una msururu wa vigingi umevuka kijiti kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hiyo ni kalenda na watoto wameitengeneza.

Kama ni masika na mawingu yametanda usiahirishe kwa hasira, toka nao hivohivo waone vivuli vimepotea au vimefifia, uliza wingu ni kundi gani, la gazeti kavu au la gazeti la maandazi.

Baada ya kijiti tunafanya methali, na hii ni sehemu naipenda kupita zote. Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Watoe wakajaribu kujificha kwenye kivuli cha kijiti chenu, wataona methali imepimwa. Alafu ile nyingine, kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Kwanini walio mbali na si walio shinani? Mvumo ni mrefu, shina tupu, majani yote yako juu kama mnazi, jua likiwa chini asubuhi au jioni kivuli cha yale majani kinatupwa mbali na mti. Darasa la tano na la sita waambie wachore, jua, mvumo, mtu, mstari mnyoofu, na kutoka hapo waende kwenye mlingoti wa bendera. Pima kivuli cha mlingoti na kivuli cha kijiti cha mita 1 kwa wakati uleule. Kama kijiti kina kivuli cha sentimita 50 na mlingoti una kivuli cha mita 4, mlingoti ni mita 8, hakuna aliyepanda. Wakiwa palepale waangalie ukingo wa kivuli cha mlingoti, chini karibu na shina ni mkali, kwenye ncha ya mbali umefifia, na wanajua sababu tayari kwasababu jua kama ile tyubu lina upana.

Lile swali la binti wa darasa la nne kwamba usiku kivuli kinalala wapi, sasa nalijibu hivi. Chungwa moja, kalamu, flashi. Weka nukta kwenye chungwa iwe Dodoma, giza darasani, chungwa lizunguke polepole mbele ya flashi. Nukta inaingia upande usio na mwanga. Ule upande ni kivuli cha chungwa lenyewe. Usiku sisi wote tumeingia ndani ya kivuli cha dunia, kivuli chako hakijalala popote, umekaa ndani ya kivuli kikubwa kama ulivyokaa chini ya mwembe. Darasa linanyamaza kabisa hapo. Waambie mwanga wa jua unatembea kilomita 300,000 kwa sekunde moja na bado unachukua dakika 8 na kidogo kutufikia, watoto wanaanza kuhesabu kwa vidole. Wape na kazi ya nyumbani ya mbalamwezi, siku mwezi umekomaa watoke na mzazi mbali na taa, watafute vivuli vyao. Watavipata. Wa kijijini wanajua siku nyingi, wa mjini wanarudi asubuhi wanakimbia kuja kukwambia.

Ndo sasa fungua kabati, warudishie zile michoro ya siku ya kwanza. Usiseme kitu, wape penseli za rangi nyingine wajisahihishe wao kwa wao. Macho na vifungo vinafutwa, jua linahamishwa, miguu inaunganishwa. Alafu waambie kila kikundi kitunge sentensi moja, kivuli ni nini, waje waandike ubaoni, na watakachoandika kitakuwa karibu sana na ile ya kitabuni ila ni cha kwao. Ya kitabuni waandike chini yake kwa ajili ya mtihani.

Mwisho weka kwenye kalenda ya ofisi siku za kivuli sifuri za sehemu yako, zinakuja mara mbili kwa mwaka na zinaweza kupishana siku moja hivi. Dodoma tarehe 5 Machi na 8 Oktoba, hiyo ya Oktoba toka kwenye saa sita na dakika 25. Dar es Salaam tarehe 3 Machi kama saa sita na dakika 35, na 10 Oktoba kama saa sita na dakika 10. Arusha 12 Machi na 1 Oktoba. Mwanza 14 Machi na 29 Septemba. Mbeya 25 Februari, jiandaeni mpaka karibu saa saba kamili, na 16 Oktoba. Mombasa 10 Machi na 3 Oktoba, Nairobi 17 Machi na 26 Septemba. Toka na shule nzima dakika kumi kabla, kila mtoto na chupa tupu au kopo lake alisimamishe wima chini, mtu mmoja ashike saa, na mpigie kelele pamoja kivuli cha mlingoti kikijikunja chote kwenye shina lake.